Mbegu ya mbatata kwa bustani ya uani: jibu kwa Mwalimu wa Wete

Swali: "Assalamu alaykum Bwana Shamba. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Wete, Pemba. Uani nina bustani, kiasi cha hatua kumi na mbili kwa nane, nimepanda tungule, mabilingani na mchicha, na migomba mitatu pembeni. Mwaka huu nimetamani mbatata. Nimezunguka maduka ya pembejeo Wete mpaka Chake, kila nikiuliza mbegu ya mbatata naoneshwa paketi za karoti na kabichi. Kijana mmoja kanambia, 'Bi Mwalimu, nenda sokoni kanunue kilo mbili ufukie, zitaota tu.' Ni kweli? Na kama si kweli, mbegu yenyewe inauzwa wapi, na nitaijuaje kuwa nzuri?"

Waalaykumu salaam, Mwalimu, na shikamoo.

Kijana huyo hakukudanganya, ila kakwambia nusu. Mbatata za sokoni zitaota. Zile zinazosahauliwa chini ya kabati ya jiko zinaota bila hata udongo. La kujiuliza ni kitakachokuja baada ya majani, na kitakachobaki ndani ya udongo wako mbatata zikishaondoka. Hilo la pili ndilo linalonifanya nikuandikie kirefu, maana umenambia una tungule na mabilingani uwanja huohuo.

Lakini kwanza niwatetee wenye maduka. Hawakufichi kitu. Mbegu ya karoti ni kavu, imelala, inakaa paketini mwaka mzima bila kumsumbua mtu. Mbegu ya mbatata ni mbatata yenyewe, mbichi na nzima. Inapumua, inapoteza maji, inachipua, na ikibanwa inaoza na kulinukisha duka. Kwa joto la Wete haiwezi kukaa rafuni kumsubiri mteja wa kilo mbili. Hata huko bara inakolimwa kwa wingi, mkulima anayejua kazi yake haendi kuitafuta wiki ya kupanda. Anaiagiza kwa mzalishaji wa mbegu mapema, mara nyingine ikiwa bado iko chini ya udongo. Na mitandaoni ukikutana na vipaketi vya chenga vinavyoitwa mbegu za mbatata, viache. Mbatata kweli hutoa maua na vijitunda mfano wa tungule changa, na ndani yake mna chenga zinazoota, lakini kila chenga huzaa mmea wa tabia yake, na miche yake ni midogo kama ya mchicha. Hiyo ni kazi ya watafiti wanaosaka aina mpya.

Sasa la hewa, na hapa nitakuwa mkweli hata kama nitakuvunja moyo kidogo. Mbatata ni mmea wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Majani yake yanaweza kustahimili mchana wa joto, lakini tunda lake la chini linaumbwa usiku, na linataka usiku wa baridi, digrii 15 hadi 18 hivi. Usiku ukipita digrii 20 kazi inapungua, na udongo ukikaribia digrii 30 inasimama kabisa. Utaona mti mrefu, wa kijani, wa kupendeza, watoto watakusifia. Ukifukua, patupu, au vijibatata vya ukubwa wa punje za karafuu. Kwetu, hata kipupwe kikiwa kikali, usiku mara chache hushuka chini ya digrii 21. Lushoto, Makete na Mporoto wanapolima mbatata ni juu milimani, mita elfu moja na mia kadhaa na zaidi. Pemba tuna vilima vingi vya kupendeza, lakini hakuna hata kimoja kinachofika mita 150.

Maana yake si kwamba haiwezekani. Maana yake ni kwamba una dirisha moja tu la mwaka, Juni hadi mwanzo wa Septemba, na dirisha hilo ndilo linalokuamulia siku ya kununua mbegu. Na kwamba ukivuna mara nne au tano ya ulichopanda, mshukuru Mola na uwaite majirani waone. Ukiwa unatafuta chakula cha kujaza sufuria, hiyo ardhi yako itakulipa zaidi kwa viazi vitamu, muhogo au majimbi. Ukiwa unataka mbatata kwa sababu umeitamani, basi sababu hiyo inatosha. Mimi mwenyewe nimepanda vitu vingi kwa sababu hiyohiyo.

Turudi kwa mbatata za sokoni. Miaka mingi nyuma, ndevu zangu zikiwa bado nyeusi, nilikuwa Unguja nikisimamia bustani ndogo ya mafunzo. Tulikuwa na matuta ya tungule yaliyozaa vizuri misimu miwili mfululizo. Nikanunua polo la mbatata sokoni, safi, ngozi nyororo, hakuna hata moja iliyooza, nikachagua zilizoanza kuchipua na kuzipanda kwenye tuta la mwisho. Ziliota zote. Wiki ya sita, saa saba mchana, nikaona miti mitatu imelegea kama iliyokosa maji. Nikamwagilia. Jioni ikasimama. Kesho mchana ikalegea tena, na safari hii nane. Siku ya nne haikusimama tena, na majani bado ya kijani.

Nilikata shina moja karibu na ardhi, nikalichovya ncha ndani ya bilauri ya maji safi, nikaishika bilauri bila kuitikisa. Haikupita dakika tatu, uzi mweupe kama wa tui jepesi ukaanza kushuka kutoka kwenye shina kwenda chini ya bilauri. Ule uzi ni mamilioni ya bakteria wanaomiminika kutoka kwenye mishipa ya mmea. Huo ndio mnyauko wa bakteria, wataalamu humwita mdudu wake Ralstonia solanacearum. Baada ya mvua moja kubwa maji yaliyopita kwenye tuta la mbatata yakateremka kwenye tungule, na tungule zikaanza kulala moja baada ya moja. Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Tuliacha kupanda tungule pale kwa miaka, tukapanda mahindi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mbatata zile zilikuwa hazina dosari machoni. Nilikuja kuelewa baadaye. Mdudu huyu kwenye baridi ya milimani huweza kujificha. Mmea unaambukizwa lakini haunyauki, mbatata inavunwa nzuri, inasafirishwa, inauzwa, inapikwa, na wala haimdhuru mlaji. Ukiichukua mbatata hiyohiyo ukaifukia kwenye udongo wa joto la pwani, ugonjwa uliokuwa umelala unaamka. Kwa hiyo jicho la mnunuzi wa sokoni, hata jicho langu, si kipimo cha kutosha. Na ukumbuke mbatata, tungule, bilingani, pilipili na hata mnavu ni ukoo mmoja. Anachougua mmoja anawaambukiza nduguze. Kiazi kitamu hakimo kwenye ukoo huo, ingawa tunaviita vyote viazi.

Kuna hatari nyingine ya sokoni ambayo watu wengi wanaiingia kwa kudhani wanafanya busara. Mtu anakwenda kwenye fungu la vibatata vidogovidogo vya bei rahisi, anasema hivi ndivyo saizi ya mbegu. Fikiri kidogo: kwa nini vimekuwa vidogo? Vingine ni vidogo kwa sababu vilichelewa kuumbwa kwenye mmea mzima wenye afya. Lakini vingi vinatoka kwenye miti dhaifu iliyoshikwa na virusi, ile ambayo majani yake hujikunja kama bati au huwa na mabaka ya manjano. Virusi hivyo hubebwa na vidukari wakati mmea uko shambani na hurithiwa ndani ya mbatata. Ukichagua fungu la vidogo, umejichagulia wagonjwa. Mzalishaji wa mbegu naye anauza vidogo, ndiyo, lakini vyake ni vidogo kutoka shamba lililokaguliwa likiwa na majani, na miti yenye ugonjwa iling'olewa mapema. Udogo ni uleule, nasaba ndiyo tofauti.

Basi mbegu yenyewe inapatikana wapi. Wewe upo Wete, na hapo una nafuu ambayo watu wa Unguja hawana: upande wa pili wa bahari yako ni Tanga, na nyuma ya Tanga ni milima ya Usambara, Lushoto, ambako mbatata ni zao la kila nyumba. Lushoto wana misimu miwili. Mbatata za vuli huvunwa karibu na Januari na Februari, na za masika huvunwa Juni na Julai. Wewe unataka zile za vuli. Mbatata ikishavunwa hulala usingizi wa miezi miwili mpaka mitatu hivi kabla macho yake hayajaamka, kutegemea aina na joto. Iliyovunwa Februari inaamka mwishoni mwa Aprili au Mei, inachipuzwa wiki tatu nne, na mwanzo wa Juni iko tayari kuingia ardhini wakati mvua za masika zinapungua na kusi limeshaanza kuleta ubaridi. Ya masika ya Lushoto ikikufikia Julai bado imelala fofofo. Utaifukia, itakaa mwezi na nusu bila kuota, na dirisha lako litafungwa. Wanaotaka ya Nyanda za Juu Kusini nako kuna mavuno ya Februari mpaka Aprili, na Uyole, Mbeya, ndiko kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kilichoshughulika na mbatata kwa miaka mingi. Njia ya kutoka Mbeya mpaka Wete ni ndefu kwa mzigo hai, lakini wapo wanaoifuata kwa sababu huko wazalishaji wa mbegu ni wengi zaidi.

Kabla hujampigia mtu simu bara, teremka Weni, ofisi ya kilimo. Usiende kuuliza "mna mbegu?" maana watakujibu hapana na safari itakuwa imekwisha. Waulize mambo mawili. Moja, kibali na karatasi gani zinatakiwa ili mbegu ya mbatata iingie Pemba kutoka bara. Zanzibar ina utaratibu wake wa karantini ya mimea, na mbegu inayosafiri inatakiwa iwe na cheti cha afya kutoka inakotoka. Watu huona huu ni usumbufu wa bandarini. Mimi baada ya ile bilauri niliyokusimulia sioni tena hivyo. Pili, kama kuna mkulima au kikundi kinachoagiza mwaka huu ili muunganishe mzigo. Watafiti wa kisiwani wako Kizimbani kwa Unguja, na kwa Pemba kituo kiko Matangatuani; nao ni watu wa kuulizwa, hasa kuhusu aina ipi imewahi kujaribiwa kwetu.

Ukimpata muuzaji bara, neno lake peke yake lisikutoshe. Mbegu iliyothibitishwa Tanzania Bara inakuja na lebo ya TOSCI, taasisi ya uthibiti wa mbegu, ikionesha zao, aina, daraja la mbegu na namba ya shehena. Mwambie akutumie picha ya lebo kabla hujatuma pesa, na mwambie pia akutajie mwezi wa kuvuna. Mwezi wa kuvuna watu wengi hawaulizi, na kwangu mimi ndio ninaouliza mwanzo. Muuzaji wa mbegu wa kweli ataujibu bila kufikiri. Anayeuza mbatata za chipsi akaziita mbegu ataanza kuzunguka. Utasikia pia habari ya mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, yaani zile ambazo mkulima mzalishaji mwenyewe ndiye anayetangaza ubora wake. Si mbaya, ila zimekusudiwa kuuzwa karibu na zilikozalishwa, wakulima wa jirani wanaojuana. Zikivuka bahari hutakuwa na wa kumrudia.

Kuhusu aina, usipoteze usiku ukitafuta majina. Chukua ya muda mfupi, inayokomaa kwa siku 75 mpaka 90, kwa sababu kipupwe hakitakungojea. Asante ni miongoni mwa zilizozoeleka Afrika Mashariki. Ukibahatika kumpata mwenye Unica usimwache. Hiyo inatokana na kazi ya Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru, ambacho kwa miaka mingi kimechagua mbatata za kustahimili nchi za tambarare zenye joto na virusi, na wenzetu wa Kenya wanailima. Sikuahidi muujiza, kati ya zinazoteseka na joto, hiyo inateseka kidogo.

Sasa hesabu ya kiasi, maana hapa ndipo wengi wa bustani za uani wanapokwama. Mbegu nzuri ni saizi ya yai la kuku, gramu 50 hivi, kwa hiyo kilo moja ni mbegu 20. Ukitenga tuta la mita 3 kwa 2, mstari na mstari sentimita 60, shimo na shimo sentimita 30, unahitaji mbegu 33. Hazifiki kilo 2. Lakini muuzaji wa bara atakutajia polo la kilo 50, na hatafungua polo kwa ajili ya mtu mmoja wa ng'ambo. Polo hilo linatosha nyumba 25. Wewe ni mwalimu mstaafu, Wete nzima uliwafundisha. Wakusanye wanafunzi wako wa zamani wenye vibustani vya uani, kila mmoja kilo mbili, gharama ya boti mgawane. Usije ukashawishika kununua nusu polo la ziada "liwepo". Mbegu ya ziada huishia kuwa futari mbaya.

Usafiri nao una mambo yake. Mwambie anayekufungia asitie kwenye mfuko wa nailoni. Polo la wavu au pakacha la makuti, ili zipumue. Mbatata ikikosa hewa ndani ya joto, ndani yake hugeuka nyeusi huku nje iko salama, na jicho lake halitaota. Zisiwekwe juu ya sitaha penye jua, wala karibu na madumu ya mafuta, na maji ya chumvi yasizifikie. Mwezi wa Mei bahari si ya kuchezea. Ikibidi mzigo ungoje Tanga siku tatu, ungoje kwenye kivuli chenye upepo na si ndani ya kontena. Na mzigo ukifika, lifungue polo palepale bandarini kabla hujamlipa mwenye gari. Tia mkono mpaka chini kabisa, toa chache za katikati. Ukisikia harufu ya uozo au ukitoka na vidole vya utelezi, linamiminwa lote chini na kuchambuliwa hapohapo.

Zikifika nyumbani hazipandwi. Zitandaze kwenye chano au maboksi ya mayai, safu moja, sehemu yenye mwanga lakini jua lisizipige, mfano chini ya upenu upande wa kusini, panya au kuku wasipofika. Katika kiza machipukizi hutoka marefu, meupe, membamba kama tambi, na yanavunjika ukiyagusa. Kwenye mwanga hutoka mafupi na manene, rangi ya zambarau au kijani, sentimita moja mpaka mbili. Hayo ndiyo unayoyataka. Ikiwa mbatata imetoa chipukizi moja tu kichwani na macho mengine yamenyamaza, livunje hilo moja. Baada ya siku chache mengine yataamka, na mti utakuwa na mashina matatu manne badala ya moja.

Hizi wiki tatu nne za kwenye chano ni karantini yako ya nyumbani pia. Zipitie kila baada ya siku mbili, moja moja, kama unavyosahihisha madaftari. Joto letu litakufanyia kazi hapa: mbatata yenye mnyauko uliojificha mara nyingi itaanza kutoa ute kwenye macho, na vumbi au udongo utaganda pale kama gundi. Ukiiona moja, ikate. Kama ndani yake kuna duara la rangi ya kahawia linalofuata ngozi, na ukiiminya yanachuruzika matone meupe mazito, hiyo ichomwe, na zilizokuwa zimegusana nayo zitiliwe shaka. Kisu kioshwe kwa sabuni na kichovywe kwenye maji ya klorini kabla hakijagusa nyingine. Ukiona zaidi ya mbili tatu kwenye mzigo wako, mimi nisingepanda mzigo huo karibu na tungule hata kwa dawa.

Nikutahadharishe na ule mtindo wa kukata mbatata vipande ili ziongezeke. Nchi za baridi wanafanya. Kwetu kwenye udongo wa joto na unyevu, kipande kinaoza kabla hakijaota, na kisu ndicho kinachobeba ugonjwa kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Panda nzima.

Najua hata hivyo kwamba boti linaweza kukwama, kundi likavunjika, na Juni ikakufika huna mbegu. Ikiwa itabidi utumie za sokoni, basi fanya jaribio na si bustani. Nenda kwa muuzaji anayejua mzigo wake umetoka wapi, chagua zenye udongo bado juu yake. Zilizooshwa zimekwishafichwa dalili nusu. Chukua za wastani, si fungu la vidogo. Za kwenye maduka makubwa zinazotoka nje ziache, maana baadhi hutiwa dawa ya kuzuia kuchipua na utazitazama mpaka zinyauke. Zipitishe kwenye chano kama nilivyoeleza. Kisha zipande tano au sita tu, ndani ya ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, mbali na tungule na chini ya mteremko wa bustani, ili maji yatakayotoka kwenye ndoo yasipite kwenye matuta yako. Ndoo ina ila yake: inapata joto upesi kuliko ardhi. Izungushie makuti, uiweke penye jua la asubuhi na kivuli cha mgomba mchana. Mavuno yatakuwa machache, lakini udongo ukiharibika, ulioharibika ni wa ndoo.

Kwa mbegu safi, tuta la ardhini ni bora. Lisiwe palipokaa tungule, bilingani au pilipili ndani ya miaka mitatu iliyopita. Palipokuwa na mchicha au pale karibu na migomba patafaa. Udongo wa kinongo au kichanga chenye samadi iliyooza vizuri. Kinamo, udongo wa mfinyanzi, kinashika maji, mbatata itaoza. Jivu la jikoni, ambalo najua mkono wako unawasha kulitia, usilitie hapa, huleta ukurutu kwenye ngozi. Funika tuta kwa majani makavu ya mgomba au nyasi, unene wa shubiri, mara tu miche ikitokeza. Kazi yake kubwa si magugu, ni kuupoza udongo. Miche ikifika kimo cha shubiri pandisha udongo shinani, kama unavyoinulia tuta la viazi, na rudia tena baada ya wiki mbili tatu, ili mbatata zisichungulie nje. Mvua za mwisho za masika zikiendelea mpaka ndani ya Juni angalia majani: madoa ya maji yanayogeuka kahawia haraka ni bakajani, na mti uliozidiwa ung'olewe siku hiyohiyo.

Najua swali lako la baadaye, kwa sababu kila mtu huniuliza: ukivuna Agosti, si unaweza kuweka zako mwenyewe za mwakani? Kwa Pemba jibu langu ni hapana. Kutoka Agosti mpaka Juni ni miezi kumi, na ndani yake kiangazi kizima. Zitaamka Novemba, zitachipua, utavunja, zitachipua tena, na ikifika Juni umebaki na vitu vilivyokunjana kama ngozi ya kiwiko, vinavyotoa vichipukizi vyembamba kama uzi. Na friji ya nyumbani si dawa, maana wengine nao wanataka nafasi ya samaki. Kila mwaka agiza upya, hata kilo moja.

Jambo moja la jikoni. Zile utakazozitandaza kwenye mwanga zitageuka kijani, na ukijani huo ni dalili kwamba ndani mmeongezeka solanini, sumu ya mbatata, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo chano la mbegu liandike, au lipandishe juu wasipofika wapishi, hasa kama mwaka huo Ramadhani imeangukia karibu na siku za kuchipuza na watu wanatafuta mbatata za katlesi saa kumi na moja jioni. Zitakazobaki baada ya kupanda zifukie kwenye shimo refu, mbali na bustani.